Mdogo wangu katoka Mirembe, wateja wamemkimbia. Nimhamishe mji?

Dada wa Moro: Habari wakuu. Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Morogoro, na kabla hajaugua watu walikuwa wanampangia foleni. Mwaka jana akaanza kukesha, akawa anasikia sauti na kugombana na kila mtu. Akalazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Karudi na dawa zake, ametulia kabisa. Shida ni mtaa. Watoto wanamwita "Mirembe". Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao, wengine hata kuja wameogopa, wametuma watoto. Mwenye fremu naye keshaanza kununa. Tuna shangazi Mwanza, nafikiria nimpeleke huko ambako hakuna anayemjua. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni.

Mtu wa Kihonda: Hamisha tu. Pale si ndiko wanakowekwa wauaji? Watu lazima waogope.

Nesi Mstaafu: Unachanganya, mkuu. Wagonjwa wenye kesi za jinai hupelekwa Isanga, kituo chao maalumu hukohuko Dodoma. Wodi za Mirembe zina walimu, wakulima, wanafunzi.

Dada, pole. Dalili zake unazijua wewe. Akianza kukesha Mwanza, shangazi atadhani kijana anaangalia mpira. Halafu mtu aliyehama ili asijulikane humeza vidonge kwa kujificha, na siku mgeni akilala chumbani kwake anaruka dozi. Wengi hurudi wodini kwa njia hiyo. Mpeleke kliniki ya afya ya akili hapo hospitali ya rufaa ya mkoa, na karatasi alizopewa Dodoma. Vidonge vya kila siku vikimshinda, awaulize kuhusu sindano ya kila mwezi.

Mtumishi: Ameombewa lakini?

Nesi Mstaafu: Mwombeeni, ila dawa asiache.

Muuza Mitumba: Mimi nimepita Mirembe, na mtaa sikuhama. Wa kwanza kurudi walikuwa wale niliokuwa nawakopesha, hahaha. Dada, mpe kazi yako wewe mwenyewe. Ashone gauni, livae kwenye sherehe, wakikuuliza fundi nani umtaje. Tena sare za shule zinakaribia. Mzazi aliyebanwa na Januari haulizi fundi alilazwa wapi.

Dada wa Moro: Asanteni, safari ya Mwanza nimeisitisha. Kitenge ninacho, kesho nampelekea. Sasa mwenye fremu nimwambieje?

Muuza Mitumba: Mlipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Atakuja mwenyewe kupimwa suruali.