Kikundi cha Ukoo: Kupunguza Mafuta Bila Kupoteza Misuli

Shangazi: Asalaam aleikum wanangu. Tangu Ramadhani iishe nimeacha kabisa ugali na wali, na kila asubuhi ninakunywa maji ya ndimu. Uzito umepungua, lakini nikipanda ngazi miguu inalegea na ndoo ya maji siku hizi inanishinda. Je, hiyo ndiyo dalili ya mafuta kuondoka?

Dada: Waaleikum salaam Shangazi, shikamoo. Ndimu haiyeyushi mafuta. Uzito umepungua kwa sababu unakula pungufu ya nishati ambayo mwili unaitumia. Mwili ukikosa nishati hiyo huichukua kwenye akiba yake, na hauchukui mafuta peke yake, bali misuli nayo huvunjwa, hasa kwa mtu anayekula protini kidogo na asiyefanya kazi wala mazoezi ya nguvu. Mizani itakuonyesha kilo zilizopungua, lakini haitakuambia ngapi ni mafuta na ngapi ni misuli.

Baba Mkubwa: Mbona wazee wetu walikula ugali mchana na usiku, na vitambi hatukuviona?

Dada: Shikamoo Baba Mkubwa. Wazee wale walilima kwa jembe la mkono na kwenda shambani kwa miguu, na mafuta ya kupikia yalinunuliwa kidogo kidogo. Hapo kwenye mafuta ndipo ninapoomba tutazame sana. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina 4 tu, kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Tazameni chapati zetu za asubuhi: unga unakandwa kwa mafuta, donge linapakwa mafuta kabla ya kuviringwa, kisha kwenye kikaango tunaongeza upande huu na upande ule. Mtu akila mbili na chai yenye sukari nyingi, amepata nishati inayokaribia ile ya sahani ya ugali na maharage, lakini kwa protini ndogo, na saa nne njaa imeshamrudia. Ndiyo maana sioni haki kuulaumu ugali peke yake.

Binamu: Mimi ninafanya mazoezi ya tumbo kila usiku na kitambi hakiondoki.

Dada: Mazoezi hayo hukaza misuli ya tumbo, lakini hayachagui mafuta ya mahali hapo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700; ukipunguza 500 kwa siku, tarajia karibu nusu kilo kwa wiki, na kasi hiyo itapungua kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Ongeza kuchuchumaa, pushapu na kubeba vyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Anayebeba vyuma kwa bidii hufaidika na protini ya gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo usitegemee mayai pekee. Kula maharage, choroko, samaki na maziwa.

Baba Mkubwa: Nami ninayemeza vidonge vya kisukari, nianze leo kupunguza chakula?

Dada: Hapana, Baba Mkubwa, mwone daktari kwanza. Baadhi ya vidonge vya kisukari huendelea kushusha sukari hata kama hujala, na sukari ikishuka sana mtu hutetemeka, hutokwa jasho na anaweza kuzimia.

Baba Mkubwa: Kliniki yangu ni Jumatano. Nitauliza.

Shangazi: Basi nitarudisha ugali kiasi, kwa dagaa. Niwakaange?

Dada: Wachemshe kwa nyanya na kitunguu, Shangazi, na mafuta uyapime kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa. Kesho jioni nitakuja tuanze mazoezi ya kukaa na kuinuka kitini, taratibu, bila kujisukuma kwa mikono.

Shangazi: Njoo baada ya Alasiri.