Kitu cheusi kimekatiza mbele ya mwezi kwa nusu sekunde: nitajuaje ni nini?

MkeshaTanga
Wakuu, habari za usiku. Darubini ni ya kioo, kipenyo 130 mm, fokasi 650 mm, lenzi ya jicho 25 mm, simu imefungwa juu yake kwa kishikio. Video ni ya fremu (picha) 30 kwa sekunde. Mwezi ulikuwa wa siku 12 hivi, kimo cha digrii 60. Saa 3 na dakika 14 usiku kitu cheusi kilipita kutoka ukingo hadi ukingo kwa fremu 18. Hakina taa. Ratiba ya kituo cha anga cha ISS nimeshaiangalia, hakikupita muda huo. Nianzie wapi kukitambua, na safari ijayo nirekodi vipi?

Ngalawa_ya_Juu
Anza na umbali, jina litafuata. Kanuni ni moja: mwezi hufunika mita 1 kwa kila mita 110 za umbali. Kwa hiyo kwenye mita 500 unafunika kama mita 4.5, kwenye kilomita 11 unafunika mita 100, na kwenye kilomita 400 unafunika kilomita 3.6.

Sasa angalia tatizo lako. Ndege ya abiria iliyo kilomita 11 juu inakwenda karibu mita 250 kwa sekunde, hivyo ikipita utosini inavuka mwezi kwa sekunde 0.4. ISS inakwenda kilomita 7.66 kwa sekunde, nayo utosini inavuka kwa sekunde 0.47. Njiwa aliye mita 500 naye yumo humohumo. Ndiyo maana muda peke yake haukuambii kitu, na ndiyo maana watu wengi hukosea: wanahesabu fremu, wanakimbilia setilaiti.

Kinachoamua ni kingo za kile kivuli. Darubini ikiwa imelengwa sawasawa kwenye mwezi, chochote kilicho karibu kinatoka na ukungu kwenye kingo. Na upana wa ukungu huo, pale kitu kilipo, ni sawa na kipenyo cha kioo chako, yaani sentimita 13, kiwe karibu au mbali. Simamisha fremu iliyo kali kuliko zote, ikuze, upime vitu viwili: upana wa kivuli (anzia katikati ya ukijivu, yaani ule ukungu wa ukingoni, upande mmoja hadi katikati ya ukijivu upande wa pili) na upana wa ukijivu wenyewe. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa sentimita 13. Hapo una ukubwa halisi wa kitu. Kingo zikiwa kali kabisa, kiko kilomita kadhaa au zaidi. Kikiwa chembamba kuliko kioo na kiko karibu, hakiwi cheusi tii, kinabaki kijivu. Mbu mbele ya darubini humwoni kabisa.

Fundi_Lenzi
Kabla ya hesabu zote hizo, zimeni injini ya kufuata nyota, kama ipo, mwangalie video nzima. Vumbi kwenye lenzi au kwenye kamera ya simu halitembei, mwezi ndio unaotembea. Unapita upana wake wote kwa dakika 2 hivi, kwa hiyo punje ya vumbi inaonekana kama kitu kinachovuka mwezi polepole kwa utulivu wa ajabu. Zungusha lenzi kidogo: doa likizunguka nayo, ni vumbi la lenzi. Fremu 18 si vumbi, lakini wengine wakisoma uzi huu watakutana nalo.

Msimu msufi unapopasua, sufi nazo huelea mbele ya mwezi. Zina ukungu mwingi na njia yao hupinda.

MkeshaTanga
Nimepima. Kivuli ni sehemu ya 15 ya upana wa mwezi, ukijivu ni kama sehemu ya 35. Kinapanuka na kusinyaa kila fremu 3 au 4. Kimeelekea upande wenye Mare Crisium, lile doa jeusi la duara karibu na ukingo wa mwezi.

Ngalawa_ya_Juu
Hapo umekimaliza. 35 kwa 15 ni 2.3, mara sentimita 13 ni kama sentimita 30. Ukijivu wa sehemu ya 35 ni sentimita 13, basi mwezi mzima hapo ni mita 4.5, umbali mita 500. Mita 4.5 kwa sekunde 0.6 ni mita 7.5 kwa sekunde, kama kilomita 27 kwa saa. Kupanuka na kusinyaa ni mabawa, mapigo 8 hadi 10 kwa sekunde. Ni ndege wa usiku au popo. Ukingo wa Mare Crisium ndio unaotangulia kwenda magharibi, kwa hiyo kilikuwa kinakwenda magharibi. ISS haiendi hivyo kamwe, hutoka magharibi kwenda mashariki. (Usitumie juu na chini ya picha, darubini ya kioo inageuza vyote.)

Kazi hii ina heshima yake: George Lowery, mtaalamu wa ndege wa Louisiana, Marekani, alihesabu ndege wanaohama usiku kwa kutazama mwezi kwa darubini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1951.

Bi_Sayari
Upande wa kurekodi: fremu 60 kwa sekunde, na funga mwangaza kwa mkono, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/1000. Ukiiachia simu iamue, itaweka 1/100 au polepole zaidi, na ISS ikiwa utosini inasogea theluthi mbili ya urefu wake ndani ya fremu moja, inatoka kama sigara. Picha nyingi za "sigara nyeusi" ni hilo tu.

Saa ya simu iunganishwe na intaneti kabla ya kuanza. Setilaiti ikiwa utosini, kosa la sekunde 1 ni upana wa miezi miwili. Kwenye Flightradar24, programu inayoonyesha ndege zilizo angani, rudisha muda nyuma, lakini ndege za jeshi nyingi hazimo. Ndege ya abiria ina alama nyingine: nyuma yake moshi moto hutikisa ukingo wa mwezi kama maji.

Mkipata wenzenu wawili, wekeni darubini mbili mita 50 kutoka moja hadi nyingine. Zote zikikiona muda uleule, kiko zaidi ya kilomita 5. Ikikiona moja tu, yaelekea ni cha karibu.

MkeshaTanga
Asanteni. Shata nimeiweka 1/1000, mwezi umekuwa mweusi mno.

Bi_Sayari
Panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 400 kwanza, usiguse shata.