Ushauri: Mustang GT ya gia za mkono inafungwa supacharja, nianze kuimarisha nini kati ya klachi, giaboksi na difu?

Kiatu_Chini
Wakuu, habari za humu.

Nina Mustang GT ya 2016, V8 ya lita 5.0, gia sita za mkono, difu ya 3.73 (propela shafti inazunguka mara 3.73 kwa kila mzunguko wa gurudumu). Kiwandani imetoka na hp 435 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 542 hivi. Supacharja (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ili itoe nguvu zaidi) inakuja, na hesabu ya fundi wa programu ya injini ni kwamba torki itafika kama Nm 750. Injini yenyewe hainipi presha. Kinachoninyima usingizi ni vilivyo nyuma yake: klachi, giaboksi, propela shafti, difu, na ekseli mbili za nyuma.

Kila ninayemuuliza anataja kifaa tofauti, na wote wana uhakika. Gari naendea kazini, na mara mojamoja napeleka kwenye mbio za robo maili. Tairi ni za kawaida, ila nazitamani zile laini za mbio. Pesa ya kufanya vyote kwa mkupuo sina. Nianzie wapi?

Mzee wa Splaini
Mkuu, kabla hujanunua hata bolti, jiulize unavyoondoka pale mstarini. Ukiwa gia ya nne unapandisha mwendo taratibu, nguvu zote hizo hazivunji kitu. Vitu huvunjika pale mwanzo, gari limesimama, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ziko juu, mguu unaachia klachi ghafla.

Chukua namba zako mwenyewe. Gia ya kwanza ya hiyo MT-82, giaboksi yako ya kiwandani, ni 3.66. Nm 542 mara 3.66 mara 3.73 ni kama Nm 7,400 zinazofika kwenye ekseli, na hapo gari ni la kiwandani. Weka 750 badala ya 542 unapita 10,000. Halafu kuna flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Ikizunguka kwa rpm 5,000 ina nishati yake imejibana humo, na ukiidondosha klachi inamwagika yote kwa mpigo, juu ya ile ya injini. Ndiyo maana giaboksi iliyoandikwa inabeba torki fulani inaweza kufa kwenye gari lenye torki ndogo kuliko hiyo.

Nyoosha_Gia
Mimi naanza na giaboksi, sibishani. Toa MT-82, funga Tremec T-56 Magnum. Inahimili lb-ft 700, kama Nm 950, na gia zake zina upana wa maana. Kazi imeisha.

Mzee wa Splaini
Haijaisha, ila umegusa jambo ambalo wengi hawalioni. Magnum ina aina mbili za uwiano, gia ya kwanza 2.97 au 2.66. Piga hesabu ya 2.66: Nm 750 mara 2.66 mara 3.73 ni kama 7,440. Yaani gari lenye supacharja linaipelekea ekseli karibu mzigo uleule wa gari la kiwandani lenye gia ya kwanza ya 3.66! Anayebadilisha giaboksi anaiponyesha ekseli pia bila kuigusa.

Gharama yake inalipwa na klachi. Gia ya kwanza ikiwa ndefu, yaani yenye namba ndogo, klachi inateleza muda mrefu zaidi kabla gari halijashika mwendo, kwa hiyo inapata joto zaidi.

Mama wa Turbo
Nyote mmeruka kitu kinachoua ekseli za Mustang za kuanzia 2015 kuliko torki yenyewe. Gari hili nyuma halina ekseli moja nzima kama ya zamani. Kila gurudumu linajitegemea, na fremu ndogo inayobeba difu imekalia bushi za mpira laini. Ukiondoka kwa nguvu, tairi inashika, inaachia, inashika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Unasikia nyuma kunadunda kama mtu anapiga nyundo sakafuni. Kila tairi inaposhika tena, ekseli inapokea pigo zima.

Cadillac CTS-V ya 2009 iliwekewa ekseli mbili za unene tofauti, kushoto na kulia, ili zisitikisike kwa mapigo yanayofanana na mdundo upungue. Waliona kwamba kunenepesha chuma peke yake hakutibu ugonjwa.

Ushauri wangu: bushi ngumu za fremu ndogo na za difu, na vishikizo vya kuzuia fremu isicheze. Ni kazi ndogo ukilinganisha na giaboksi. Gari likiacha kudunda ndipo ujue kama ekseli za kiwandani zinakutosha au la.

Kiatu_Chini
Asante sana dada, hilo la kudunda nalisikia hata kwa nguvu za kiwandani. Bushi ngumu zitapiga kelele kiasi gani? Na klachi hamjaniambia, nafunga ya aina gani?

Mama wa Turbo
Za polyurethane utasikia mngurumo wa difu kidogo, unazoea. Za alumini tupu ni kelele kila siku, na gari la kwenda kazini silishauri.

Pleti Mbili
Klachi niachieni mimi. Uwezo wake ni msuguano, mara nguvu ya presha pleti (sahani inayoibana klachi), mara nusu kipenyo, mara idadi ya nyuso zinazosuguana. Pleti moja ina nyuso mbili, pleti mbili zina nyuso nne. Ndiyo maana ya pleti mbili inabeba torki kubwa na pedali inabaki nyepesi. Ukitaka kubeba kiasi hicho kwa pleti moja, inabidi uongeze springi mpaka goti lilie kwenye foleni, au uweke vipande vya shaba na kauri vinavyong'ata ghafla.

Lakini sikiliza: usinunue klachi ya torki mara mbili ya uliyo nayo kwa ajili ya sifa. Klachi ndiyo fyuzi ya mfumo mzima. Ikikubali kuteleza kidogo pale mwanzo, meno ya gia na ekseli vinapumua. Ikikataa kabisa, pigo linatafuta pa kutokea. Chukua inayozidi torki yako kwa nafasi ya kuridhisha tu, na hakikisha pamoja na flaiwili ina cheti cha SFI, shirika la viwango vya usalama vya vifaa vya mbio, maana flaiwili ikipasuka inakata sakafu na miguu iliyo juu yake. Ikishafungwa, ipe kama kilomita 800 za mjini bila fujo.

Otomatiki_Milele
Uzeni hizo pedali jamani. Shelby GT500 ya 2020 imetoka na hp 760 na gia za mkono hakuna kabisa, ni klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta. Ford wenyewe wamekimbia!

Nyoosha_Gia
Na Challenger Hellcat ya 2015 ikauzwa na hp 707 na Tremec ya gia sita za mkono. Kaa kwa kutulia.

Mzee wa Splaini
Kiatu, mimi ningefuata njia hii: klachi ya pleti mbili na bushi kabla supacharja haijawashwa. Giaboksi isubiri. Kwa kuwa unakwenda nayo kazini, usibadilishe gia huku mguu mmoja umekanyaga mafuta mpaka chini, sinkro (pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana) ndizo zinazolipia. Tairi laini ziwe za mwisho kabisa, tena siku umeshaweka ekseli nene. Tairi ya kawaida inapoteleza, torki inayofika kwenye ekseli ina kikomo, hata injini iwe na nguvu gani. Ukifunga tairi isiyoteleza umeondoa kikomo hicho.

Kiatu_Chini
Nimeelewa. Na propela shafti?

Mzee wa Splaini
Yako ni ya vipande viwili yenye beringi katikati. Kwa tairi za kawaida iache. Ukienda kwenye tairi za mbio, weka kipande kimoja cha alumini pamoja na pete ya chuma ya kuidaka chini ya gari. Jointi ya mbele ikikatika bila pete hiyo, shafti inaangukia lami gari likiwa mwendoni.