Domas mshamsamehe, Miranjo mwamkatalia. Kwa nini?

MwanaMajengo
Wazee salam. Kama hujamaliza Ousama Ranking pita tu, manake hapa nataja mpaka mwisho. Ni ile katuni ya Kijapani (anime) ya Wit Studio, episodi 23, ilianza Oktoba 2021 ikaisha Machi 2022. Ile ya Bojji, mwana wa mfalme, kiziwi, kadogo kama kikombe na upanga wenyewe wamshinda kuunyanyua.

Basi nilikuwa naitazama na wadogo zangu wawili na binamu, simu moja tumeiegemeza kwenye birika la chai, bibi yuko kando yuwapeta mchele ajifanya hana habari nasi. Hiling alivyotokea tu bibi akauliza, huyu ndiye mamake? Nikamwambia la, mama wa kambo. Akasema "aaah" akarudi kwenye ungo, kesi ishakatwa hiyo. Ikaja ile Bojji keshapigwa na nduguye Daida mpaka uso haujulikani, na huyo huyo mama wa kambo ndiye yuwamtibu kwa uchawi wake huku machozi yamtoka, ungo ukasimama. Toka siku hiyo kwa bibi Hiling ni "mama Daida" na haruhusu mtu kumsema.

Sasa swali langu si hilo. Domas, mwalimu wake Bojji, mtu aliyekuwa akiongea naye kwa ishara, alimsukuma mtoto shimoni. Baadaye majuto yakamzidi akajikata mkono, na nyumbani wote wakawa maskini Domas, maskini Domas. Miranjo, yule mchawi adui wa kwenye kioo, naye kafanyiwa unyama alipokuwa mtoto, tumeoneshwa, lakini alipohurumiwa mwishoni binamu yangu alisusa akatoka nje hata chai hakumaliza. Na huku mtandaoni naona wengi ni vivyo hivyo. Tatizo ni nini? Ama ni vile kioo cha hadithi tushakizoea hakina kheri?

Binti_Kibokoni
Mimi niko na binamu yako na nitamletea chai yengine 😂 Hebu piga hesabu. Domas kosa lake moja, tena kaamrishwa. Miranjo ndiye aliyesababisha kifo cha Shiina, mamake Bojji mwenyewe! Akamrubuni Daida mpaka mfalme Bosse, babake, akauchukua mwili wake, kijana wa watu akafungiwa gizani, na wanajeshi waliokufa sijawataja. Halafu mwisho ni nini, Daida huyo huyo ndiye amposa. Posa! Mimi sikatai asamehewe jameni, nakataa asamehewe kwa dakika tano halafu tuambiwe tushangilie harusi. Walikuwa na episodi 23, wangepunguza vita kidogo.

shamba_la_minazi
Hokuro peke yake ndiye hana deni na mtu. Askari wa kawaida, hana nguvu, hana uchawi, yuaogopa waziwazi na bado yuaenda. Mpeni heshima yake

KakaWaKisauni
Mimi nitajibu kwa njia nyengine kidogo. Mdogo wangu ni kiziwi, ana miaka kumi na sita, tuliitazama pamoja na yeye ndiye aliyeniambia tuiwashe. Ile episodi ya kwanza Kage, yule kiumbe kivuli, amnyang'anya Bojji nguo, na Bojji arudi kwao na chupi barabarani watu wote wacheka, na yeye atabasamu tu, kisha afika chumbani mwake ndio alia, na Kage amchungulia... mimi nilijifanya naenda kuzima pampu ya maji. Mdogo wangu wala hakulia. Akanionesha kwa mikono, "hivyo ndivyo dukani". Nikamuuliza dukani wapi, akasema kote.

Alikuwa na malalamiko yake pia lakini. Bojji kusoma midomo asema wametia chumvi sana, manake mtu akigeuza uso imekwisha, awe na masharubu ni shida, awe yuwatafuna miraa ndio usijaribu kabisa. Tukacheka.

Sasa Domas. Mdogo wangu ndiye mtu pekee namjua hakumsamehe mpaka mwisho, na Miranjo hata hakumjali, kwake yeye ni adui tu kama adui wengine, afanye ya adui. Alivyonieleza ni hivi: kasri lote hilo watu wa kuongea na Bojji kwa mikono wahesabika, na Domas ni mmoja wao, halafu mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma. Nikamwambia lakini si kaukata mkono? Akanijibu, "na sasa ataongea naye kwa mkono gani?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kuzima pampu kweli.

Binti_Kibokoni
Subhanallah. Haya, narudisha maneno yangu nusu. Ya Miranjo siyarudishi.

mama_wawili
Mimi nilileta watoto wa mume wangu nikawalea, wakubwa sasa. Ile Hiling apiga kelele, afoka, Bojji usifanye hivi Bojji keti chini, watu wakamwita mkatili. Mimi nilijua toka mwanzo yule ampenda. Mtoto usiyemjali humfokei, wamwacha tu apotee. Hayo tu.

MwanaMajengo
@KakaWaKisauni kaka, nimemsomea bibi ulichoandika. Kanyamaza muda mrefu, mimi nikadhani kasinzia. Kisha akauliza, mkono aliokata ni wa kulia ama wa kushoto? Nikamuuliza una maana gani, akasema wewe kaangalie kwanza. Jioni nikipata bando naifungua tena, na binamu yangu asema yuaja lakini ikifika ya Miranjo yuatoka.