Henry, Douglass au King: andiko lipi la kurudia hoja za ushawishi?

Kibatari: Wakuu, kuna kikundi cha wanafunzi wa darasa la 11 Marekani, wengi nyumbani kwao wanaongea Kiswahili cha Kongo. Zimebaki wiki mbili wafanye mtihani wa AP English Language, ule wa Kiingereza wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari. Muda unatosha andiko moja la kina: hotuba ya Patrick Henry ya kuhimiza vita dhidi ya Uingereza (1775), ya Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, kuhusu sherehe za uhuru wa Marekani (1852), au barua ya Martin Luther King kutoka jela ya Birmingham (1963). Lipi litawasaidia kwenye insha ya hoja?

Wino Mkavu: Henry anasomeka kipindi kimoja, ndiyo maana anakimbiliwa. Ila ni maswali ya balagha mfululizo, ushahidi kiduchu. Penye nyama ni pale anapouliza meli na majeshi ya Uingereza yamekuja kumkabili adui gani upande huu wa dunia. Tena maandishi yenyewe William Wirt, mwandishi wa wasifu wake, aliyachapisha 1817, Henry alishafariki tangu 1799, kwa hiyo hatuna hakika kila neno ni lake. Mtoto asijenge aya nzima juu ya uteuzi wa neno moja.

Bi Fundo: King. Kinachowashinda wengi ni hoja pinzani: wanaitaja, wanaikana, basi. King anawajibu viongozi wanane wa dini lawama moja baada ya nyingine. Angalia suala la kibali cha maandamano: anakubali kuwa sheria ya kutaka kibali haina ubaya, kisha anaonyesha inavyogeuka dhuluma ikitumika kulinda ubaguzi. Anatoa kidogo, anachukua kikubwa. Msisome maneno yote karibu 7,000. Kateni vipande vitatu: jibu kwa wanaomwita "mtu wa nje", sheria ya haki na sheria dhalimu, na anavyolipokea jina la "mwenye msimamo mkali" badala ya kulikimbia.

Kalamu Nyeusi: Msimpite Douglass hivihivi. Anasema hahitaji kuthibitisha kwamba mtumwa ni mtu, halafu anathibitisha palepale: Virginia ina makosa 72 yanayomnyonga mtu mweusi, na mawili tu yanayomnyonga mzungu. Sheria haimwekei ng'ombe adhabu hizo. Kwa hiyo waliozitunga wameshakiri kuwa huyu ni binadamu mwenye akili na dhamana. Dai, ushahidi, na kiungo kinachovishika viwili hivyo, vyote ndani ya aya moja.

Wino Mkavu: Aya hiyo nakubali. Hotuba nzima hapana, ni ndefu kuliko barua ya King, na kejeli yake inamteleza anayejifunza Kiingereza. Anawasifu waasisi wa Marekani kwa kurasa kadhaa, msomaji anadhani anasherehekea.

Kalamu Nyeusi: Dawa yake kalamu nyekundu. Wazungushie kila "your" kwenye sehemu ya mwanzo: uhuru wenu, baba zenu. Zikishajaa ukurasani, hata asiyeijua kejeli ataona msemaji amejitenga na sherehe.

Bi Fundo: Tuangalie na alama, maana huko ndiko zinakovuja. Kila insha ina pointi 6: dai kuu 1, ushahidi na ufafanuzi 4, ukomavu wa fikra 1. Anayeandika "mwandishi ametumia hisia" kisha akanukuu na kuhamia aya nyingine, hizo 4 hazipati zote. Kila nukuu ifuatwe na sentensi mbili: inamfanya nini msikilizaji yule wa siku ile, na kwa nini hilo linalibeba dai. Nukuu yenyewe isizidi maneno manane.

Kibatari: Na kwenye insha ya hoja wanaruhusiwa kutumia riwaya ya The Great Gatsby kama ushahidi?

Bi Fundo: Ndiyo, mradi wasisimulie riwaya. Sentensi moja ya tukio, tatu za kulifunga na dai. Ukikuta "halafu" mbili kwenye aya moja, hiyo imeshakuwa hadithi, irudishwe.

Wino Mkavu: Na wapangieni saa. Dakika 40 kwa insha: 8 za kupanga, 28 za kuandika, 4 za kusahihisha. Wakiruka zile 8, dai la mwanzo na la mwisho huwa hayafanani.