Uso wa mdogo wangu hautoki, naombeni ushauri

Mwandika Mabango, Jinja
Habari wakubwa. Mimi kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Kichwa cha ng'ombe mlangoni kwa bucha nakimaliza asubuhi moja. Mwezi wa tatu tulimzika mdogo wangu, alikuwa mtu wa boda. Matanga yalipoisha nikaagiza lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kutoka Masaka nimchore. Koti nimelipata, helmeti nimeipata, hata kile kifungo mama alichomshonea kwa uzi mwekundu. Uso umenishinda. Nimeufuta mara nne na gome limetoboka palepale.

Juzi mama kaja, kaona, kakaa chini. Yeye ni Muganda, kwao lubugo ndilo linalofungiwa maiti. Kaniuliza, "Unamzika tena?" Nikakosa la kusema. Nihamie kanvasi, au niache kabisa?

Wa Steji
Pole sana kaka. Sasa unajitesa nini? Chukua picha ya kwenye simu, peleka studio waikuze, tundika sebuleni.

Mwandika Mabango
Picha zipo. Zote anacheka. Mimi ninayemuona usiku hacheki.

Ticha wa Sanaa
Pole ndugu. Mara nne si nyingi. Edvard Munch wa Norway alifiwa na dada yake Sophie kwa kifua kikuu mwaka 1877, akamchora akiwa mgonjwa, akarudia picha ileile mara sita katika miaka kama 40. Na Käthe Kollwitz, Mjerumani, mwanawe Peter aliuawa vitani Oktoba 1914. Alipoanza sanamu ya kumbukumbu alimweka mtoto amelala, wazazi kando. Kazi ilikuja kwisha 1932, na mtoto hayumo. Wamebaki baba na mama, wamepiga magoti, kila mmoja peke yake. Nani kakuambia lazima uso uwepo?

Mama Watatu, Bombo
Mwanangu, hayo ya Wazungu sawa. Lakini mama yako alikuuliza swali, wewe ukaja kutuuliza sisi. Rudi ukakae naye. Usiende na brashi.

Fundi Gome
Mimi nalifanyia kazi lubugo. Kosa lako ni kufuta: linanyonya rangi, ukilisugua nyuzi zinaachana. Siku nyingine lipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, likauke, ndipo uchore. Tundu lisikutie hofu. Hata wanaolitwanga huko Masaka wakikuta tundu wanatia kiraka cha gome lilelile wanashona. Mshono ukionekana si aibu.

Mwandika Mabango
Asanteni. Nilikaa na mama jana hadi taa ikazimwa, hatukusema mengi. Nikamsomea ya Fundi. Leo kaamka akaomba sindano, kasema uso niuache hivyohivyo, kiraka atashona mwenyewe. Uzi mwekundu uliobaki hautoshi, nimetumwa dukani.