Sapulaya wa China kabadilisha akaunti ghafla, nilipe?

Fundi Soketi: Wakuu habari za asubuhi. Nauza vifaa vya umeme Kariakoo, mzigo nachukua Guangzhou kwa sapulaya mmoja, mwaka wa tatu huu hatujawahi kusumbuana. Asilimia 30 nilishalipa, jana usiku ikaingia imeili yenye invoisi ya ile 70 iliyobaki, nembo yao, muhuri wao mwekundu, hadi namba ya oda ileile, ila akaunti nyingine kabisa, eti ya zamani inakaguliwa na watu wa kodi, mzigo upo tayari na nikilipa leo napewa punguzo. Nilipe?

Mzee wa Kontena: Usilipe! Angalia swift code kwenye invoisi, yaani zile herufi za kutambulisha benki, ya tano na ya sita ndo nchi. CN ni China, HK Hong Kong. Halafu gusa jina la aliyetuma uone anwani yenyewe, soma taratibu maana r na n zikikaa pamoja jicho linaona m.

Fundi Soketi: Duh. Ni GB, Uingereza hiyo! Na nikikuza anwani ni rn kweli. Sasa kiasi changu wamejuaje mpaka dola ya mwisho?

Dada Mhasibu: Wamo ndani ya imeili kaka, yako au yake, wanakaa kimya wanasoma tu wakisubiri siku ya malipo. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna sehemu imewekwa ifowadi meseji zako, mimi nilikuta nakala zinaenda kwa mtu simjui. Badili paswedi leo. Na sapulaya mpigie kwa namba yako ya zamani, sio iliyo kwenye hiyo invoisi!!

Tairi Kuukuu: Usijione mshamba, hata Google na Facebook walipigwa. Jamaa wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta, ya Taiwan inayowauzia vifaa, akawa anawatumia invoisi na wao wanalipa tu, 2013 mpaka 2015, zaidi ya dola milioni 120. Alifungwa miaka 5. Mimi zangu zilikuwa 4,200 za matairi, nikaenda benki kesho yake, wakaniambia ungewahi ileile siku tungejaribu kuizuia.

Fundi Soketi: Nimempata kwa video WeChat. Hajatuma invoisi yoyote, na mzigo wenyewe haujaisha hata kufungwa, mpaka Ijumaa. Nikamuuliza na lile punguzo je, kacheka tu 😂